Mtarakwa Uliogoma Ngoliba

Tangu nirudi, hakuna aliyenunua mche kwangu hapa Ruiru bila kuniuliza kwanza, "Wambui, kwani huko Wamba kulitendeka nini?" Wenzangu wa chama wameuliza. Mama mboga wa jirani ameuliza. Hata pasta ameuliza, akijifanya anachagua maua ya kanisa. Nimechoka kusimulia kwa vipande, leo naanzia Isiolo, kesho naanzia mlimani, na kila mtu anaondoka na hadithi yake. Haya, nimeandika yote. Someni, kisha mniache nimwagilie miche yangu.

Ngoliba, kabla ya safari

Lazima nianze na mama yangu, kwa maana safari ilikuwa yake ingawa yeye hakutoka nyumbani. Maitu, ndivyo tunavyomwita, anaishi Ngoliba, kule chini ambako mvua huonja tu shamba na kuondoka. Mbele ya nyumba yake kuna mtarakwa mmoja, mti wa milimani wenye mbao zisizooza. Zamani baba alikuwa askari wa msitu katika milima ya Wamba, mbali kaskazini, na likizo moja alirudi na miche miwili ameipakata mapajani njia nzima. Mmoja wa miti hiyo ulikatwa ukiwa bado wa makamo, ukawa nguzo za lango letu. Uliobaki ukakua ukawa mti wa maana, na kila mwaka hujaa vitunda vya rangi ya buluu.

Lakini mbegu zake hazioti. Baba alizipanda mpaka akachoka. Kabla hajafariki aliomba jambo moja tu: tusimjengee kaburi la saruji, tumpandie mtoto wa mti ule kichwani pake.

Maitu amezipanda mbegu hizo kila msimu tangu tumzike. Amezikoroga na majivu, amezilaza kwenye maji moto, amezifunika kwa mbolea ya mbuzi. Hakuna hata moja iliyotoa pua. Na hapo ndipo roho yake ilipougua, maana aliamini baba alikufa na kinyongo naye.

"Kuna likizo moja alirudi, akanyamaza na mimi mpaka akarudi kazini," aliniambia. "Nikimuuliza nimekosa nini, anatoka nje. Sikuwahi kujua. Sasa ananyamaza tena kupitia huu mti."

Mwaka huu alifika mwisho. Alimwita fundi wa nguzo, akamwambia aje aukate akishavuna maharagwe. Nilimsihi angoje. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa kitalu na tatizo nimelijua: ni udongo. Kila anayeotesha paina anajua kwamba usipochanganya na udongo uliochotwa chini ya paina wakubwa, ule wenye ukungu mweupe wa mizizini, miche hudumaa na kuwa ya manjano. Nikaona mtarakwa nao ni vivyo hivyo. Ningeenda kwao Wamba nilete udongo.

"Leta," akasema. "Lakini usipoota, mti uende na mimi nipumzike."

Nilikuwa na jembe, magunia matatu na ujasiri wote duniani. Nilichokosa ni gari.

Kutoka Ruiru hadi Kenol

Gari lilikuwa pikapu ya Anko Ndirangu, mdogo wake baba, anayeishi Kamenu, Thika. Shida ya pikapu hiyo ni kwamba Anko huiazimisha akiwa ndani yake. Hakubali mtu mwingine ashike usukani. Anaendesha akiwa amevaa kabuti la kazi la marehemu baba, hata jua likiwaka, na panga lake hukaa chini ya kiti kama abiria wa kudumu.

Nilimwambia nitamfuata Thika, maana Thika ndiyo njia ya kwenda. Akakataa. Mgeni huchukuliwa nyumbani kwake, alisema, ingawa mimi si mgeni bali ni mtoto wa kaka yake. Akaja mpaka Ruiru, akachelewa, akanywa chai, kisha tukarudi Thika alikotoka, tukaingia Kamenu kuchukua kofia aliyoisahau. Mkewe akatuandalia chai nyingine. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu na bado tulikuwa tunaona nyumba ya Anko.

Tulipofika Kenol gari likaanza kutoa moshi mweupe. Fundi aliyeinama kwenye injini alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu.

"Niaje, mzee. Hii rejeta imetoboka kitambo. Umekuwa ukiendesha na maombi."

"Mimi si niaje," Anko akamjibu. "Na hii gari niliijua kabla mama yako hajaolewa."

"Sawa buda, lakini imetoboka."

Wakabishana wakati maji yakimwagika chini. Mwishowe kijana akaziba tundu kwa gundi ya chuma, nasi tukakaa kando ya barabara tukingoja ikauke, Anko akinieleza jinsi vijana wa siku hizi hawajui magari.

Karatina na Nanyuki

Mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Hiyo ni adabu na siipingi. Lakini Anko alikuwa na orodha ya adabu kichwani ambayo haikuisha. Karatina alinunua kabeji, viazi, karoti, majani ya chai, sukari na unga wa ugali wa pakiti za karatasi. Kila muuzaji alikuwa amewahi kumfahamu binamu fulani wa Anko, na lazima wasalimiane. Nikamuuliza kabeji zitafikaje Wamba kwenye joto lile. Akasema watu wa jangwani wana njaa ya kabeji. Amejuaje, sijui. Hajawahi kufika.

Nanyuki tulikuta baridi, na hapo nikakiri kimoyomoyo kwamba kabuti lina maana. Anko hakunipa. Alisimama akitazama mawingu ya mlima wa Kirinyaga, akanihubiria kuhusu mvua ya zamani mpaka chakula chetu kikapoa. Niliagiza samaki, nikaletewa maini. Nilipolalamika, mhudumu alisema samaki ameisha lakini maini pia ni nyama. Nikala. Msafiri kafiri.

Isiolo

Isiolo joto lilitupokea mlangoni. Tuliingia hoteli ya mama mmoja Mwislamu, Mama Fatuma, mwenye uso wa mtu aliyeona wageni wa kila namna na hashangai tena. Alituletea wali wenye mbuzi laini sana, nami kwa mara ya kwanza tangu Ruiru nikafurahi. Kisha akamletea Anko kikombe cha maziwa ya ngamia yaliyogandishwa.

"Kimoja tu, mzee," akasema. "Mgeni anaanza na kimoja."

"Mimi nimekunywa maziwa tangu nizaliwe."

"Ya ngamia?"

"Maziwa ni maziwa," akasema Anko, akaongeza cha pili, na cha tatu akakimaliza akimtazama machoni ili ajue amekutana na mwanamume.

Mama Fatuma akanigeukia mimi. "Dada, beba karatasi laini."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wa kwetu alivunjika tumbo. Kutoka Isiolo hadi Archers tulisimama kwenye kila kichaka chenye uwezo wa kumsitiri mzee. Ningeshika usukani twende taratibu, lakini funguo alikuwa akishuka nazo mfukoni. Nilikaa peke yangu ndani ya gari lililozimwa, na kabeji nyuma zilikuwa zimeanza kunuka.

Barabara ya Wamba

Baada ya Archers tuliacha lami tukashika barabara ya Wamba. Mimi niliyezoea migomba na makahawa sikuwa nimewahi kuona nchi kavu hivi: mchanga, mawe, migunga iliyojikunyata. Halafu kwa mbele milima inasimama ghafla, mmoja hapa, mwingine kule mbali, kila mmoja peke yake na kofia yake ya wingu. Chini hakuna hata jani bichi, juu ni kijani kizito. Nilimwonyesha Anko. Akasema watu wa huko wangepanda kabeji.

Pancha ikatupata. Gurudumu la akiba nalo halikuwa na upepo, kwa sababu Anko huamini kwamba gurudumu la akiba ni la kuonyesha trafiki. Tulikaa pale mpaka lori la mawe likapita, na dereva wake, mtu mpole, akatujazia upepo kwa mashine yake bila kutaka chochote. Anko alimlazimisha apokee kabeji. Yule bwana akainusa, akatazama pembeni, akaiweka chini ya kiti kwa heshima.

Kwa Mzee Lekarsia

Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Lekarsia, aliyekuwa askari wa msitu pamoja na baba. Anaishi nje ya mji wa Wamba, chini kabisa ya mlima. Nilimpigia simu mara nyingi kabla ya safari bila kumpata, na sasa nikajua sababu: nyumbani kwake hakuna mtandao. Huwasha simu akipanda mlimani tu.

Alimkumbuka baba vizuri. Mkewe akatupa chai. Kwao vibuyu vya maziwa hufukizwa kwa moto wa mzeituni wa msituni, ule sisi tunaouita mutamaiyu, ili maziwa yakae bila kuharibika. Ladha yake ni ya moshi mtamu. Mimi niliipenda. Anko akaonja, akamwambia mama wa watu kwa sauti ya huruma, "Pole, maziwa yako imeungua." Yule mama akamtazama, akamtazama mumewe, akaenda zake. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu wakayaona magunia.

Sijui nilifikiri nini. Mtu unafika kwa watu na magunia matupu na jembe, unasema umekuja kuchukua udongo wa mlima wao. Majirani wakaanza kuja mmoja mmoja, wakasimama. Walikuwa wameshaona wageni wa namna hiyo, waliokuja kutafuta mawe ya thamani wakaacha mashimo.

"Kuni ukitaka, omba," Lekarsia akasema. "Asali, omba. Lakini udongo? Mtu anabeba udongo ya watu anapeleka wapi?"

Ningeweza kueleza. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini Anko alishasimama. Kwetu mtu akitaka kuaminiwa huapa kwa udongo, basi akainama, akachota konzi, akaiinua juu na kuapa kwa Kikuyu, kwa sauti kubwa, kwamba akiwa amefuata madini udongo huo ummalize. Kwake hicho kilikuwa kiapo kizito kuliko vyote. Wao waliona mzee mgeni mwenye kabuti jeusi ameshika ardhi yao anaikemea kwa lugha wasiyoijua. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake nyuma.

Siku hiyo yote iliishia hapo. Tulikalishwa juu ya mawe kando ya tangi la maji huku wazee wakijadiliana kama Anko amewalaani au la. Jua lilituchoma. Kila nikitaka kusema, Anko ananitangulia kufafanua kiapo, na kila akikifafanua kinazidi kutisha. Mwishowe nikamwambia, mbele za watu, "Anko, nyamaza!" Sijawahi kumwambia mzee neno kama hilo. Akaketi tena juu ya jiwe lake.

Nikaeleza habari za Maitu. Sikupamba. Nikasema kuna mwanamke mzee anayeamini mumewe alikufa amemkasirikia, kwa sababu mti alioutoa hapa kwenu haukubali kumzalia. Mke wa Lekarsia alikuwa amesimama nyuma. Akasema kitu kifupi kwa Kisamburu, watu wakapumua.

"Amesema kama ni mambo ya mama, muende muone," Lekarsia akatafsiri. "Jembe inabaki. Na hiyo panga ya mzee inabaki. Juu huko kwa mti mbichi hatupandi na panga."

Anko kuachana na panga lake! Alilikabidhi kwa mikono miwili, akanuna mpaka asubuhi.

Mlimani

Tulianza asubuhi, tukasimama karibu mara moja. Tembo walikuwa kwenye njia. Lekarsia alisema tuwangoje wamalize. Tembo hawana haraka. Walikula, wakajikuna, wakala tena, nasi tumebanana nyuma ya jiwe, Anko akininong'oneza kwamba angekuwa na panga lake. Nilimuuliza panga lingewafanya nini tembo.

Walipoondoka tukapanda. Chini ilikuwa miiba mitupu. Kisha ikaja mizeituni ya msituni, mifupi, imepindapinda, majani yake yana fedha kwa chini. Lekarsia alikuwa akisimama kwenye kila jiwe lililoinuka, anainua simu juu, anapata mtandao kidogo, anafoka na mtu kuhusu punda aliyeuzwa, mtandao unakatika, tunaendelea. Nilikuja kujifunza msitu, nikajifunza habari za punda.

Kabla ya kuifikia mitarakwa mibichi tulipita kwenye iliyokufa. Imesimama mikavu, myeupe, haijaoza. Lekarsia akasema alipokuwa kijana msitu ulishuka mpaka pale, na hata chini zaidi. Sasa unarudi juu kufuata ukungu, kidogo kidogo, na juu nako kuna mwisho. Aliashiria mlima mwingine, mbali, ng'ambo ya tambarare ya mchanga. Kule pia iko mitarakwa, akasema, lakini hii na ile haijuani. Katikati hakuna mti unaoweza kuvuka. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia. Nilifikiria mti mmoja kule Ngoliba.

Halafu tukaingia ndani ya wingu. Mitarakwa mikubwa, magome yamechanika nyuzi nyuzi, ndevu za kijivu zinaning'inia kutoka matawini na kudondosha maji. Nje ni jangwa, na humu viatu vyangu vimelowa. Nikapiga magoti, nikachimbua udongo kwa vidole kutafuta ule ukungu mweupe wa paina. Sikuuona. Nikahamia mti mwingine. Udongo ulikuwa udongo, na hauna tofauti kubwa na wa majani yaliyooza ninaouza mimi Ruiru. Nilikaa chini nikakasirika. Nimekuja kote huku, na rejeta, na ngamia, na tembo, na sina jibu.

Anko hakujua kwamba nimeshindwa. Alikuwa amechoka, akajitupa kwa mgongo kwenye shina la mti mchanga. Mti ukatikisika, na vumbi la manjano likamwagika juu yake, kofia, mabega, kabuti la baba lote likawa la manjano. Akapiga chafya, akapiga tena. Mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Isiolo.

Kisha nikaacha kucheka. Mti ule haukuwa na tunda hata moja. Ncha zake zilijaa vijidude vidogo vya manjano. Uliosimama kando yake ulijaa vitunda vya buluu, nao nilipoutikisa haukutoa vumbi. Nikakimbilia mwingine, na mwingine. Ama matunda, ama vumbi.

"Anko," nikasema, "iko miwili. Iko ya kiume na ya kike."

"Kumbe," akasema, akijipangusa pua. "Basi ni kama mapapai. Ile ya kiume si haizai, unaikata tu, inakula bure chakula ya..."

Mkono wake ulibaki puani.

Nyinyi mnajua jinsi tunavyofanya na papai dume. Hakuna boma kuanzia Thika mpaka Ngoliba ambamo limeachwa lizeeke. Linachukua maji, halilipi, linang'olewa.

"Ule wa lango," Anko akasema, "haukuwa na matunda."

"Najua. Wewe ndiye uliyelijenga hilo lango."

"Kuna lingine hujui." Alikuwa ametazama chini. "Baba yako aliporudi likizo akakuta nguzo. Akaniuliza nani alisema mti wake ukatwe. Alikuwa na hasira, Wambui, sijawahi kumwona hivyo. Nikamwambia ni mama yako. Kumbe ni mimi nilikata, sikuuliza mtu."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Lekarsia akashusha simu, akasogea mbali. Maitu amekula sumu ya neno lile miaka yote, akijiuliza usiku na mchana amekosa nini, na huyu mtu amekuwa akija kwake sikukuu zote, anapita kati ya nguzo zile zile, anakula irio zake na kuomba aongezwe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwetu kilikuwa ndani ya kabuti la baba.

Hakujitetea. Hilo nalo lilinikasirisha, kwa sababu kujitetea ndilo jambo pekee analolijua.

Nilipotulia kidogo nikafikiria kazi. Vumbi lile ni chavua; likifika kwenye mti wa Maitu, mbegu zinaweza kupata uhai. Nikamwomba Lekarsia matawi machache ya kiume. Alikuwa amesikia zaidi ya nilivyodhani. Akasema nichume kwa mkono, kidogo kidogo, na si kwenye mti mmoja. Tulichuma wote watatu. Tuliposhuka mkewe akamimina moja ya pakiti za unga kwenye sufuria, akaikung'uta, akanipa ile karatasi. Plastiki ingeyaozesha.

Aliporudishiwa panga lake, Anko alilitazama kama la mtu mwingine, akalitupa nyuma na magunia.

Kurudi

Mlangoni mwa pikapu Anko alinipa funguo. Alizunguka, akaketi upande wa abiria, akapakata ile pakiti mapajani kwa mikono miwili.

Tangu Kenol nilikuwa nimemwomba Mungu amnyamazishe Anko. Sasa alinyamaza, nami sikuweza kuvumilia. Hakuhubiri kuhusu kabeji. Lori likatukosa chupuchupu karibu na Archers, hakulaani. Kwenye kizuizi cha polisi ofisa akauliza pakiti ina nini, akataka ifunguliwe, na upepo ulikuwa mkali. Anko akaifunika kwa kabuti.

"Ofisa, nitafungua ndani ya gari, madirisha ikiwa imefungwa. Hapa nje, hapana. Hata ukinishika."

Alisema kwa upole sana. Ofisa akaingia ndani ya gari, madirisha yakafungwa, akachungulia, akaona majani. Alitutazama kama watu wenye matatizo nyumbani, akaturuhusu. Hakuwa amekosea.

Isiolo Mama Fatuma alimuuliza kama ataongeza maziwa. Akaomba maji. Mama Fatuma akaniuliza pembeni, "Amefiwa?"

Rejeta ilivuja tena Sagana. Tulingoja. Anko alikuwa amekiegemea kiti, macho kwenye pakiti, na kabuti bado lilikuwa na manjano mabegani.

Ngoliba tena

Tulikuta gari la fundi wa nguzo limeegeshwa nje. Maharagwe yalikuwa yameanikwa uani. Fundi alikuwa anakunywa chai, ngazi yake imeegemezwa kwenye mtarakwa, kamba tayari imefungwa juu.

"Mmekawia," Maitu akasema. "Udongo uko wapi?"

Anko alifika langoni akasimama. Hakupita. Aliweka mkono juu ya nguzo. Mtarakwa hauozi; nguzo zile ziko vile vile alivyozipigilia. Akamwita Maitu kutoka pale, naye akaenda, akifikiri mzee anaumwa. Nikakaa mbali, lakini Anko hajui kuongea chini kwa chini hata akiungama, kwa hiyo tulisikia wote, na fundi pia, na jirani ng'ambo ya ua. Alimwambia habari ya mti wa kiume. Kisha akamwambia lile neno alilomwambia kaka yake.

Maitu hakulia. Aliitazama nguzo ya kulia, akaitazama ya kushoto. Akafungua leso, akaifunga upya kiunoni, kwa nguvu.

"Fundi," akaita, "hiyo ngazi iache hapo. Wewe, Ndirangu. Panda."

"Mama Wambui, mimi na umri huu..."

"Panda."

Akapanda na kabuti lake na ile pakiti ya matawi, fundi akimshikia ngazi, mimi nikielekeza asitikise yote upande mmoja. Vumbi lilikuwa limebaki kidogo, na lingine naliona lilitoka mabegani mwake. Lilishuka polepole kati ya matawi. Mkiniuliza kama mti utazaa, sijui. Tunda la mtarakwa huchukua zaidi ya mwaka kukomaa, na pengine tulichelewa, pengine vumbi lilikufa na joto la Isiolo. Fundi alifungua kamba yake akaenda. Mti upo.

Maitu hakungoja Anko ateremke. Alizunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye kaburi, nami nikamfuata maana niliogopa. Alisimama mikono kiunoni, akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"Baba Wambui! Ni ndugu yako! Unasikia? Haikuwa mimi, ni ndugu yako!"

Alihema. Akangoja kidogo. Kisha akainama, akang'oa jani moja la magugu pale kichwani, na akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya kusikiwa na sisi wengine:

"Sasa ongea na mimi."